Noa Kwanza: Patasi, Randa na Msumeno kwa Seremala wa Jioni

Patasi yangu ya kwanza niliinunua ikiwa mpya, makali yamevalishwa kifuniko cha plastiki, nami nikaamini kwamba mpya ni kali. Jioni ile ile nikajaribu kuchimba tundu kwenye kipande cha mninga. Haikukata, ilitafuna. Nikagonga kwa nguvu zaidi, ikateleza, ikanichana kidole gumba cha mkono wa kushoto. Wiki nzima nilijiambia kwamba useremala una wenyewe.

Mtaani kwetu Tanga kuna mzee mmoja wa kazi hizo. Nikampelekea.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Kidole kimefanyaje?"

Nikampa patasi. Aliiegemeza juu ya ukucha wa gumba lake, akaisukuma taratibu. Ikateleza kama kijiko. "Hii bado haijawa patasi," akasema. "Hiki ni chuma cha kutengenezea patasi."

Mwongozo huu ni kwa watu kama mimi: una kazi yako mchana, jioni unapata saa moja kibarazani, mashine huna na pengine huzitaki. Nitakaa sana kwenye kunoa, kwa sababu mengi niliyoyadhani ni upungufu wa kipaji yalikuwa ubutu wa chuma.

Vitu vya kunolea

Usianze na mawe ya bei. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini uwaombe kipande cha kioo chenye unene wa mm 6 au zaidi, ukubwa wa daftari. Vipande vya namna hiyo hulala tu konani vikisubiri kutupwa. Kikikosekana, marumaru ya sakafuni inafaa, mradi imenyooka: isimamishie rula juu yake, itazame kuelekea kwenye mwanga, na ukiona mwanga unapenya chini ya rula tafuta nyingine. Kingo za kioo zisugue kwa msasa kabla hazijakukata.

Kisha pita duka la rangi za magari ununue msasa wa maji, namba 220, 400, 1000 na 2000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi). Mwaga maji kidogo juu ya kioo, laza msasa, uukandamize kwa kiganja. Maji yenyewe yataushika.

Kama nyumbani kuna kinoo cha pande mbili, nacho ni kizuri, ila kitazame katikati. Vinoo vya jikoni huwa vimebonyea kwa visu vya miaka mingi, na kinoo kilichobonyea hutoa patasi yenye makali ya mviringo. Kisugue juu ya msasa wa 220 mpaka kinyooke.

Cha mwisho ni mkanda wa ngozi uliokwisha kazi. Ukate, uubandike kwa gundi kwenye ubao, upande wa ndani wenye manyoya ukiwa juu, uupake kidogo ile dawa nzito ya kung'arishia rangi ya gari. Na weka karibu mshumaa na kichupa cha mafuta ya cherehani.

Patasi, hatua kwa hatua

Patasi ina nyuso mbili: mgongo, ambao ni bapa, na mteremko. Makali ni ule mstari zinapokutana. Ukinoa mteremko pekee huku mgongo ukiwa bado na mikwaruzo ya kiwandani, umenoa nusu.

*Mgongo kwanza.* Laza mgongo juu ya msasa wa 220, sm 3 hivi za mwanzo, vidole viwili vikiukandamiza karibu na makali, mkono mwingine umeshika mpini bila kuuinua hata kidogo. Sugua kwenda na kurudi. Baada ya dakika chache ugeuze uutazame: panapogusa msasa pamepata rangi ya kijivu isiyo na mawaa, pasipogusa pana mistari ya mashine. Endelea mpaka ukanda ulio karibu na makali, kona hadi kona, uwe rangi moja, kisha panda namba kwa namba hadi 2000, ambapo utaanza kuona pua yako. Patasi moja ilinichukua dakika arobaini. Nyingine, ya bei rahisi, jioni mbili. Lakini kazi hii hufanyika mara moja tu katika maisha ya chombo. Ukiinua mpini katikati ya kazi "ili iende haraka", umeharibu mgongo na utaanza upya.

*Kisha mteremko.* Patasi nyingi hutoka kiwandani na mteremko wa digrii 25 hivi. Kwa mbao zetu ngumu napenda ncha iwe digrii 30, maana makali membamba hukatika kwenye mninga. Kupata pembe hiyo si lazima uwe na kifaa: pima sm 12 kwenye mgongo kuanzia kwenye makali, uweke alama. Patasi ikiegemea msasa kwa mteremko wake, alama hiyo ikiwa sm 6 juu ya kioo, uko kwenye digrii 30. Ikiwa sm 5, uko kwenye 25. Mimi nimekata kibao cha pembetatu chenye kipimo hicho, nakisimamisha pembeni, macho yanazoea.

Shika patasi kwa mikono miwili, kaza viwiko mbavuni, na usogee kwa mwili mzima badala ya viganja, kwa sababu viganja vikicheza mteremko unakuwa duara. Kwenye msasa vuta tu kuja kwako, usisukume. Ukisukuma makali yatachimba karatasi na kuichana. Anza na 400 kama makali hayana mapengo.

*Kijinyuzi.* Hapa ndipo wengi huacha kabla ya wakati. Ukisugua mteremko vya kutosha, chuma hujikunja kidogo upande wa mgongo, kama uzi mwembamba usioonekana. Pitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali, utausikia unakwaruza. Ukiusikia kutoka kona hadi kona, basi mteremko na mgongo vimekutana. Usipousikia upande mmoja, huko bado hujafika, hata kama kunang'aa. Ukiupata, hamia 1000, kisha 2000, mivuto kumi kumi inatosha. Mwisho laza mgongo bapa kwenye 2000, mivuto mitatu, kijinyuzi kikatike.

*Ngozi.* Vuta mteremko mara kumi juu ya mkanda, mgongo mara tano, kurudi nyuma tu.

Kujaribu, wengine hunyoa nywele za mkono. Mimi nilifanya hivyo mpaka ofisini wakaanza kuuliza nina ugonjwa gani wa ngozi. Kipimo kizuri zaidi ni kichwa cha ubao wa paini, pale nyuzi zilipokatwa. Paini ni laini, na ulaini wake ndio mtihani: patasi butu huzilaza na kuzing'oa, inabaki sehemu yenye vumbi na vishimo, patasi kali huacha uso unaong'aa kama umepakwa nta. Na ukiiegemeza juu ya ukucha kama alivyofanya yule mzee, inang'ata, haiendi.

Ukiwa kazini rudi kwenye ngozi kila baada ya dakika ishirini hivi, kabla hujahisi ubutu. Mti nao una neno lake. Mvule huweza kuwa na vijiwe ndani, chokaa iliyojijenga humo wakati mti uko hai, na patasi ikikutana navyo utasikia "kch" na kuona pengo. Mtiki una silika, chembe kama za mchanga, inayokula makali kimyakimya. Siku ya mbao hizo nakaa na kioo changu mezani tangu mwanzo. Na vumbi la mvule huwasha pua na ngozi za watu wengi, kwa hiyo ukiusugua msasa funga barakoa.

Makali yakipata pengo

Pengo kubwa halitoki kwa msasa wa 400. Rudi 220 na uvumilivu, au tumia jiwe la umeme la jirani kwa tahadhari. Gusa sekunde mbili, chovya kwenye maji, gusa tena. Chuma kikigeuka rangi ya bluu, ugumu umekwisha pale, na hata ukikinoa vipi kitapinda kama bati. Dawa yake ni kukisaga pole pole mpaka bluu yote iishe, na hapo patasi imepungua urefu.

Wale wanoaji wa baiskeli wanaopita mitaani ni stadi wa visu vya jikoni, nami nawapa visu vyangu. Patasi siwapi. Jiwe lao huzunguka kasi, cheche zinaruka, na makali hutoka na matumbo.

Kuitumia

Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Sheria hii ingeniokolea kidole. Kazi ibanwe kwa jiliwa au klampu, isishikwe kwa mkono. Kama huna jiliwa, pigilia kipande cha ubao kwenye meza kiwe kizuizi.

Unapochimba tundu, usianzie kwenye mstari. Patasi ni kabari: ukiigonga, mteremko wake huisukuma nyuma, upande wa mgongo, na tundu lako hupanuka kupita alama. Anza mm 2 ndani ya mstari, chimba kwa tabaka za mm 3 hivi, toa makapi, endelea. Mstari wenyewe uumalize mwisho kabisa, mgongo wa patasi ukitazama ukuta wa tundu. Tundu la kupenya lichimbwe nusu upande huu, nusu upande wa pili, la sivyo nyuzi za chini zitabanduka.

Gonga kwa nyundo ya mbao. Nyundo ya chuma hupasua vichwa vya mipini. Na watangazie watu wa nyumbani rasmi kwamba patasi si bisibisi wala kifungulio cha makopo ya rangi. Mimi nilitangaza kwa kuchelewa.

Randa

Randa nyingi za chuma zinazouzwa leo zinafuata mfumo mmoja, wa Leonard Bailey wa Marekani, ambaye hati miliki zake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Kwa hiyo ukijua kufungua moja umejua karibu zote. Namba 4 ni fupi, sm 24 hivi, ya kulainishia. Namba 5 ina sm 35 hivi na ndiyo ningechagua kama ni moja tu: inanyoosha na inalainisha.

Chuma chake kinolewe kama patasi, ila mivuto michache ya mwisho kandamiza kona moja, kisha ya pili, ziwe zimeinama kidogo sana, zisiache mistari juu ya ubao.

Juu ya chuma hicho hukaa cha pili kilichopinda, kazi yake ni kukunja maranda kabla nyuzi hazijapasuka. Kifunge mm 1 hadi 2 nyuma ya makali kwa kazi ya kawaida. Kwa mbao zenye nyuzi za kupishana kama mvule na mkangazi, kisogeze hadi nusu milimita. Vishike viwili vikiwa vimefungwa, utazame kwenye mwanga: pasiwe na upenyo kati yake. Pakiwepo, maranda yataingia humo, na randa itasongwa kila baada ya mapito mawili. Nilihangaika miezi na randa yangu nikiilaumu mbao, kumbe ni upenyo mdogo kuliko unywele.

Soli ya randa nayo huweza kuwa imepinda. Chora mistari ya penseli chini yake, rudisha chuma ndani lakini kikiwa kimekazwa, kwa sababu mkazo huo hubadili umbo la soli, kisha isugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Mistari ikifutika kwenye ncha ya mbele, mbele tu ya mdomo (upenyo wa soli chuma kinapotokea) na kwenye ncha ya nyuma, basi. Pengine katikati pakibaki na mistari, paache.

Kuiseti: igeuze, itazame kutoka mbele kwa urefu wa soli, ukizungusha gurudumu la shaba mpaka uone mstari mweusi wa makali unachomoza, halafu urudishe kidogo. Jaribu kwa kipande chembamba cha ubao upande wa kushoto wa mdomo na upande wa kulia. Randa ikikata zaidi upande mmoja, sogeza kile kijiti cha nyuma ya chuma. Kila mara malizia kwa kuzungusha gurudumu kuelekea kushusha chuma, maana lina mchezo, na usipoukaza chuma kitarudi nyuma chenyewe.

Sasa mti. Tazama ubavu wa ubao uone nyuzi zinapanda kuelekea wapi, upige randa kuelekea huko zinakopanda, kama unavyompapasa paka. Ukienda kinyume zinang'oka. Mwanzoni uzito uwe mkono wa mbele, katikati mikono yote, mwishoni mkono wa nyuma, ili ncha za ubao zisiinamishwe. Pitisha mshumaa chini ya soli, mistari miwili tu, kila unapohisi inakuwa nzito. Mara ya kwanza utacheka kwa tofauti.

Maranda mazuri kwa kazi ya mwisho ni yale unayoweza kuyaweka juu ya gazeti ukasoma. Yakitoka kama vumbi, chuma ni butu.

Msumeno

Kabla ya kununua tupa, tazama meno. Yakiwa na rangi ya bluu nyeusi kwenye ncha, yamekomazwa kwa joto kiwandani yawe magumu kuliko tupa, na tupa itateleza juu yake na kuharibika yenyewe. Huo utumie mpaka ufe, kisha ukate bati lake utengenezee vikwangulio. Msumeno wa kunolewa ni ule ambao meno yake yana rangi moja na bati.

Ubane kati ya mbao mbili, meno yachomoze sm 1, usitetemeke. Pitisha tupa bapa juu ya meno yote taratibu mpaka kila moja lipate kidoa kinachong'aa. Hapo urefu umelingana. Kisha chukua tupa ya pembe tatu. Kama ni msumeno wa kupasulia kwa urefu wa ubao, tupa iende moja kwa moja, digrii 90 na bati. Kama ni wa kukatia kwa kukingama, ilaze pembeni digrii 20 hivi, noa meno yote yanayoelekea upande mmoja, ruka moja noa moja, halafu geuka ufanye yaliyobaki. Sukuma mbele tu, hesabu mivuto, kila jino lipate sawa. Kidoa kikitoweka, acha. Jino linalofuata linakungoja.

Baada ya kunoa mara nne tano, mpishano wa meno hupungua na msumeno unaanza kubanwa. Yapindishe kwa koleo lake, moja kulia moja kushoto, nusu ya juu ya jino tu. Ukipinda kuanzia shinani litakatika.

Wakati wa kukata, shika mpini kwa vidole vitatu, cha shahada kikielekea mbele, kana kwamba umemshika ndege. Anza kwa kuvuta nyuma mara mbili, kisha acha uzito wa msumeno ufanye kazi. Kata upande wa kipande cha kutupwa, mstari ubaki. Ukianza kwenda kombo usiupinde kurudi. Toa, geuza ubao, anzia upande wa pili. Bati nalo lipakwe mshumaa.

Kutu na mipini

Pwani chumvi inasafiri na upepo. Patasi niliyoinoa Jumamosi na kuiacha mezani ilikuwa na madoa ya rangi ya chai Jumanne. Jasho la mkono nalo ni chumvi. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kuzima taa, kitambaa chenye matone ya mafuta ya cherehani kinapita juu ya kila chuma, na vyombo vinaingia sandukuni. Usivitundike kwenye ukuta wa saruji unaotoka jasho.

Chuma kilicholiwa tayari, kilichonunuliwa mnadani kwa bei ya chuma chakavu, kilaze kwenye siki usiku mmoja, mipini ikiwa imetolewa. Asubuhi kisugue kwa steliwaya, kisuuze kwenye maji yenye magadi ili kuua asidi, kikaushe juani hapo hapo na ukipake mafuta. Usikisahau siku tatu ndani ya siki, italamba na chuma kizima. Vishimo vya kutu vikifika kwenye makali, kwenye upande wa mgongo, utasaga mpaka uvipite au chombo hicho uachane nacho.

Mpini wa nyundo ukilegea watu huutumbukiza kwenye maji. Unavimba, unakaza, unakauka, unalegea kuliko mwanzo. Gonga kabari mpya ya mti mgumu kichwani. Mipini iliyokauka isugue kwa msasa wa 220 na uipake mafuta ya kitani, tabaka jembamba, ukifuta yanayobaki. Kile kitambaa ulichofutia usikikunje ukakitupa kwenye pipa lenye maranda: mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa huweza kuwaka chenyewe usiku. Kitandaze nje kwenye kamba kama nguo mpaka kikakamae kama karatasi.